Nifunike miwaridi sasa hivi au nisubiri? Kuandaa uwanja na bustani kabla ya baridi kali

Swali lilikuja hivi, nalifupisha: msomaji amehamia nyumba yenye uwanja, sehemu inayoanguka theluji, na huu ndo msimu wake wa kwanza wa baridi akiwa na bustani ya kwake mwenyewe. Mbele ana nyasi, pembeni mwa ukuta ana miwaridi, ana mitufaa miwili michanga, fensi ya miti isiyopukutisha majani, vyungu kadhaa vya maua na matuta ya mboga nyuma. Majirani wanakata kila kitu mpaka chini na kukusanya kila jani. Yeye ameshanunua magunia ya matandazo (vitu vya kutandaza juu ya udongo kuufunika) na mfuko wa mbolea ya naitrojeni, usiku umeanza kuwa wa baridi, anauliza: "Nifunike miwaridi wikiendi hii? Mbolea niiweke wapi? Na nikate vyote kama majirani?"

Dada, hongera kwa nyumba. Nianze na miwaridi maana naona ndo inakukosesha usingizi. Usiifunike wikiendi hii. Magunia yaweke stoo yasubiri, hayaharibiki. Watu wengi wanachukulia matandazo kama blanketi, sasa blanketi linasaidia mwili unaotoa joto lake wenyewe, na mwaridi hautoi joto la maana, kwa hiyo hakuna cha kutunza pale chini. Kazi ya matandazo msimu wa baridi ni karibu kinyume: udongo ukishaganda, yanaufanya ubaki umeganda mpaka baridi iishe.

Maana kinachoua mimea mingi si baridi yenyewe, ni kule kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Mchana jua linapiga, sentimita chache za juu zinayeyuka, usiku zinaganda tena, na maji yakiganda yanatanuka kwa asilimia kama 9, basi udongo unavimba, unausukuma mmea juu kidogo, kesho tena kidogo, na baada ya wiki kadhaa za mchezo huo unaukuta mmea uliokuwa umekaa vizuri ardhini sasa umenyanyuka, mizizi mingine imekatika na mingine iko nje inapigwa na upepo. Hasa mimea uliyopanda mwaka huu huu ambayo mizizi yake haijashika. Ukifunika mapema unaongeza matatizo mengine mawili: udongo unabaki na joto kwa hiyo mmea unaendelea kutoa machipukizi laini ambayo baridi ya kwanza kali inayachoma yote, na panya wa shambani wanaotafuta pa kukaa wanakuta umeshawatandikia.

Sasa utajuaje muda umefika? Chukua bisibisi ndefu, asubuhi mapema nenda ukajaribu kuichoma kwenye tuta. Ikizama kirahisi, bado. Ikigonga na kukataa kama unachoma matofali, na hali ikawa hivo siku kadhaa mfululizo na mpaka saa za mchana, hapo toa magunia. Tandaza unene wa sentimita 5 mpaka 10, usizidishe, na acha nafasi ya wazi kuzunguka shina, ile tabia ya kurundika mpaka shina linafunikwa kama kichuguu kwenye miti ni mbaya, gome linabaki na unyevu linaoza na panya wanalitafuna bila hata kuonekana.

Miwaridi peke yake ndo ina utaratibu tofauti kidogo. Ile iliyobebeshwa, yaani mwaridi uliounganishwa juu ya shina la mwaridi wa aina nyingine, angalia chini ya shina utaona sehemu imevimba kama kifundo, pale ndo pa kulinda, maana kifundo kikifa kitakachochipua ni shina la chini la mama na utapata maua ambayo hukuyanunua. Baada ya jalidi kali, ule unga mweupe wa barafu juu ya nyasi asubuhi, kupiga mara kadhaa, mwaridi umeshatulia, rundika udongo au mboji juu ya kifundo kimo cha sentimita 20 mpaka 30. Udongo uutoe sehemu nyingine, usiukwangue hapo hapo kuzunguka shina maana unakuwa unaifunua mizizi ili ufunike shina. Kupogoa usipogoe sasa, subiri mwisho wa msimu wa baridi, isipokuwa vile vifito virefu vinavyopepea, vipunguze ili upepo usije ukautikisa mmea mpaka mizizi ikalegea. Afu okota majani yote yaliyoanguka chini ya miwaridi, hasa yenye madoa meusi, ule ugonjwa unalala kwenye majani hayo na mwaka ujao unaanzia hapo hapo.

Mbolea ya naitrojeni. Kwenye miwaridi, kwenye mitufaa, kwenye fensi: usiweke kabisa kwa sasa. Naitrojeni inauambia mmea ukue wakati mmea unatakiwa uanze kukomaza matawi yake na kulala. Kwenye nyasi ni habari nyingine, kama nyasi zako ni za aina ya nchi za baridi, zile zinazokuwa na nguvu hali ya hewa ikiwa ya ubaridi na zinachoka wakati wa joto kali, basi huu ndo msimu wao mzuri wa kula. Lakini weka mapema wakati bado zinakua, yaani bado unalazimika kuzikata, maana ukimwaga mbolea kwenye ardhi iliyoganda haiingii popote, theluji ikiyeyuka inasombwa yote mpaka kwenye mitaro na mito. Kama nyasi zako zimeshasimama kukua, funga mfuko vizuri usiingie unyevu na utautumia mwakani.

Kuhusu lini ufanye nini, achana na kalenda. Kaskazini mwa ikweta msimu huu wa kabla ya baridi kali ni Septemba mpaka Novemba na kusini ni Machi mpaka Mei, lakini ndani ya nchi moja sehemu ya mlimani na sehemu ya karibu na bahari zinaweza kupishana wiki nyingi. Unachotakiwa kujua ni tarehe ya kawaida ya jalidi ya kwanza hapo ulipo, idara za hali ya hewa huwa zinatoa, na kama unaweza pata kipimajoto cha udongo. Kazi nyingi unazihesabu kurudi nyuma kutoka hiyo tarehe. Kupanda mbegu za nyasi kwenye mapengo, kwa mfano, zinahitaji kama siku 45 kabla ya jalidi ili zishike, ukichelewa bora uache mpaka mwakani.

Sasa nije kwenye kitu ambacho hukuuliza ila ndo kitakugharimu kuliko vyote, maji. Msimu huu mimea inatakiwa iingie kwenye baridi ikiwa imeshiba maji na mabomba yaingie yakiwa matupu, na watu wengi wanafanya kinyume, wanaacha kumwagilia mara tu joto linapopungua na wanasahau mpira umeunganishwa kwenye koki nje.

Ile fensi yako, kwa kuwa haipukutishi majani, inaendelea kupoteza maji kupitia majani msimu mzima wa baridi, siku ya jua na upepo inapoteza zaidi, na chini mizizi iko kwenye udongo ulioganda haiwezi kuvuta hata tone. Ndo maana unakuta mwisho wa baridi upande mmoja wa fensi umekuwa kahawia, watu wanasema imeuawa na baridi, kumbe imekufa kiu. Kwa hiyo kama mvua hazinyeshi vya kutosha, endelea kumwagilia mpaka ardhi igande, si kunyunyizia juu juu, fungulia maji polepole yakae muda mrefu mpaka yashuke kama sentimita 30, wiki moja mara moja inatosha. Mitufaa yako michanga vile vile. Chimba kidogo kwa kidole ukimaliza, kama juu kumelowa na chini ni vumbi, hujamwagilia.

Afu mabomba. Funga valvu ya ndani ya nyumba inayopeleka maji nje, toka nje ufungue koki, iache wazi maji yote yachuruzike. Mpira uuchomoe, hata kama koki yako ni ile aina iliyotengenezwa kustahimili baridi, maana koki hiyo inafanya kazi kwa kumwaga maji yaliyobaki ndani yake, na mpira ukiwa umeunganishwa yanakosa pa kutokea, yanaganda, bomba linapasuka ndani ya ukuta na hutajua mpaka siku unafungua maji mwakani na ukuta unaanza kulia. Mpira wenyewe unyooshe uwanjani, nyanyua ncha moja begani utembee nao mpaka mwisho, maji yote yatatoka upande wa pili, ndo uukunje. Mipira ya umwagiliaji wa matone itoe maji pia, pampu usiiache nje, na pipa la kukingia maji ya mvua limwage uligeuze juu chini. Vyungu vya udongo wa kuchoma vina vitundu vidogo vinavyonyonya maji, yakiganda chungu kinapasuka au kinabanduka maganda maganda, kwa hiyo mwaga udongo, vikaushe, viweke ndani. Kama kuna mmea wa kudumu kwenye chungu, jua kwamba mizizi yake iko wazi kwa baridi pande zote, si kama iliyo ardhini, hivyo kipeleke gereji isiyo na joto au kizike chungu kizima kwenye tuta mpaka mdomoni.

Majirani na majani. Hapa mi siko upande wao kabisa ila wana hoja nusu. Majani mazima yakirundikana juu ya nyasi yakalowa na theluji ikaja juu yake, chini nyasi zinakosa hewa na mwanga, ukungu unaingia, ukija kufunua unakuta viraka vya duara vya kijivu au pinki. Kwa hiyo hayatakiwi kubaki vile vile. Lakini si lazima uyabebe yote kwa toroli, yapitie na mashine ya kukatia nyasi mara mbili tatu yakiwa makavu, yanakuwa vipande vidogo vinavyozama katikati ya nyasi, minyoo na vijidudu wanamalizia, na nyasi zinapata mbolea bure. Ukimaliza ukiangalia bado unaziona nyasi vizuri, basi inatosha, kama huoni ila majani tu punguza kwa reki. Kimo cha kukata cha mwisho ni kama sentimita 5 au 6, ndefu sana zinalala na kualika ule ukungu, fupi sana unazidhoofisha, na usizinyoe kwa siku moja kutoka ndefu hadi fupi, shusha kidogo kidogo. Uwanja ukiwa mgumu, umekanyagwa sana, toboa toboa vishimo sasa hivi kabla haujaganda, hewa na maji vipite.

Majani yanayobaki usiyachome. Yarundike kona moja ndani ya waya wa kuku, yalowanishe, mwaka mmoja mpaka miwili yanageuka udongo mweusi laini ambao hakuna mfuko wa dukani unaoufikia. Ukitaka haraka changanya na vitu vibichi, mabaki ya mboga, nyasi zilizokatwa, maana majani makavu peke yake yana kaboni nyingi naitrojeni kidogo, yanachelewa.

Kukata kila kitu mpaka chini, hapo ndo sikubaliani nao. Kata vitu vitatu: kilichokufa, kilichovunjika, kinachoumwa. Mimea ya msimu mmoja iliyochomwa na jalidi ng'oa. Lakini mashina makavu ya maua ya kudumu yaache yasimame, ndani ya mashina yenye uwazi kuna nyuki wadogo wa porini wanalala, vichwa vya mbegu ndege wanakula, na mashina yenyewe yanaishika theluji ikae pale pale, na theluji ndo tandazo zuri kuliko yote. Utayakata baridi ikiisha. Na kama una vichaka vinavyotoa maua mapema baridi ikiisha, kama lailaki, usiviguse kabisa na mkasi, matumba ya maua ya mwakani yameshatengenezwa yako pale kwenye matawi, angalia kwa karibu utayaona ni vidonge vidogo vilivyonona kuliko vya majani, ukikata sasa unakata maua. Zaidi ya hapo, kukata kunaamsha mti, unaanza kuchipua wakati unatakiwa kulala, na kidonda cha kukatwa kinapona taratibu sana wakati wa baridi.

Mitufaa miwili, hapa naomba usinipuuze maana mti mchanga unaweza kufa kwa usiku mmoja wa panya. Theluji ikifunika, panya wa shambani wanachimba njia chini yake wanafika kwenye shina bila kuonekana na paka wala ndege, wanatafuna gome, na wakilizunguka shina lote duara zima chakula kilichotengenezwa na majani hakiwezi tena kushuka kwenye mizizi, mti umekwisha hata kama juu unaonekana mzima na utachipua kidogo kukudanganya. Sungura nao wanatafuna kwa juu, na wanasimama juu ya theluji kwa hiyo wanafika juu kuliko unavyodhani. Nunua waya wa neti yenye matundu madogo, kama milimita 6, zungushia kila shina bila kubana, uzamishe chini ya udongo sentimita 5 hivi, na juu uzidi kimo cha theluji unachotegemea kwa sentimita 45 au zaidi. Palilia nyasi ndefu zote kuzunguka shina.

Tishio la pili ni jua, watu hawaamini nikiwaambia. Siku ya baridi yenye jua kali, upande wa shina unaopigwa na jua la alasiri, kusini-magharibi ukiwa kaskazini mwa ikweta, kaskazini-magharibi ukiwa kusini, unapata joto mpaka chembe hai za gome zinaamka, afu jua linazama, joto linaporomoka ghafla, chembe zilizoamka zinakufa. Mwakani unaona gome limepasuka kwa urefu upande mmoja. Miti yenye gome jembamba kama mitufaa michanga ndo waathirika. Zungushia karatasi au plastiki nyeupe ya mashina ya miti, nyeupe maana inarudisha mwanga, nyeusi itaongeza tatizo. Itoe baridi ikiisha, ukiiacha inahifadhi unyevu na wadudu. Na wakati uko hapo angalia kama kuna matunda yaliyokauka yananing'inia, yatungue yote, kuvu wanalala humo.

Matuta ya mboga hayana mambo mengi. Mabaki ya nyanya na viazi vyenye ugonjwa usiyatie kwenye mboji ya nyumbani, mara nyingi haipati joto la kuua vimelea, yatoe kabisa, na viazi vilivyosahaulika ardhini vichimbue. Maboga yavune kabla ya jalidi. Karoti acha, baridi inazifanya zigeuze wanga kuwa sukari, zinakuwa tamu, funika tuta kwa majani mengi makavu na utachimbua unavyohitaji mpaka ardhi ikikataa. Kama udongo wako una asidi nyingi pima kwanza, afu weka chokaa ya kilimo sasa, maana inachukua miezi kufanya kazi. Tuta litakalobaki tupu, kama zimebaki wiki nne au zaidi kabla ya jalidi, mwagia mbegu za rai au klova, mimea ya kufunika ardhi, ziushike udongo.

Kama unapenda vitu vya kupanda, usione kama msimu umeisha. Kitunguu saumu kinapandwa sasa, wiki 4 mpaka 6 kabla ardhi haijaganda, punje zinatenganishwa, ncha juu, sentimita 5 chini. Maua ya tulipu na dafodili, subiri udongo ushuke chini ya nyuzi 13 za Selsiasi hivi, zipande kina mara 2 au 3 ya kimo cha kitunguu cha ua chenyewe, tulipu kama sentimita 15, zinahitaji hiyo baridi ndefu ndo zitoe maua. Maua ya dalia na kana ni kinyume, zikibaki ardhini zinaoza, kwa hiyo jalidi ikishayageuza majani kuwa meusi kata shina, chimbua taratibu usizijeruhi, zikaushe sehemu yenye hewa, zifukie kwenye maranda makavu mahali pa nyuzi 4 mpaka 7, na uwe unazichungulia mara moja moja utupe inayooza.

Mashine ya kukatia nyasi isafishe, petroli ya kukaa miezi inaharibika na kuziba kabureta, iendeshe mpaka iishe au weka dawa ya kuihifadhi. Gata za paa zitoe majani, zikiziba maji yanaganda pale pembeni na uzito wake unazing'oa.

Mwisho ni theluji yenyewe. Ikilalia fensi yako, chukua ufagio uisukume kutoka chini kwenda juu, kupiga kutoka juu kunavunja matawi. Ila ikiwa ni barafu iliyogandia kwenye matawi usiiguse, tawi likiwa limeganda linakatika kama kioo, subiri iyeyuke yenyewe. Na njia yako ya kuingilia, ile inayopita karibu na miwaridi, tumia mchanga badala ya chumvi, chumvi ikiyeyuka inashuka kwenye udongo wa tuta, na miwaridi itakayoungua majani mwakani utailaumu baridi bure.